Nilivyomkataa Eun-jo

Mtaa wa Bukgyo,
Mokpo.
24 Novemba 2019

Mpendwa mdogo wangu Sun-rye,

Hujambo? Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko Toronto? Shemeji naye ameacha sigara, au bado anajificha nazo nyuma ya nyumba? Mimi ni mzima, ila mgongo umechoka kwa kuinamia kabichi. Kimchi ya majira ya baridi nimemaliza kuichachusha juzi.

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Miaka sita iliyopita uliniandikia ukinisihi nimwachie mwanangu Gyu-sik amwoe Eun-jo. Sikukujibu. Leo nakujibu.

Unakumbuka kosa la Eun-jo: ameachika, na ana binti. Nilimwita yeye na bintiye kwenye mkahawa karibu na stesheni. Sikummwagia maji usoni kama wafanyavyo kina mama wa kwenye tamthilia. Nilisema tu, "Mtoto wa mwanamume mwingine hatakaa kwenye meza ya ukoo wangu." Huyo mtoto, Da-hye, alikuwa na miaka saba, amekaa palepale anakunywa maziwa. Eun-jo aliinama kwa heshima, akamfunga mwanawe skafu, wakaondoka.

Gyu-sik akaja kuniambia, "Mama, kwenye tamthilia zako mama mkwe hujuta sehemu ya hamsini. Mimi siwezi kungoja mpaka huko." Wakafunga ndoa bila mimi, wakahamia Jeonju.

Basi mwezi uliopita nilikuwa naangalia tamthilia ya Jumamosi na jirani yangu Pil-sun. Mwanamume aliyefiwa na mke anataka kumwoa mtalaka, waweke watoto wao nyumba moja. Mama yake hataki kusikia. Nililia mpaka leso ikalowa. Nikasema, "Huyu mama ana roho ya jiwe!"

Pil-sun akanigeukia. "We Mama Gyu-sik, mwenzio analipwa kuigiza. Wewe ulifanya bure."

Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikafunga kimchi, nikapanda basi la Jeonju.

Aliyenifungulia mlango ni Da-hye. Amerefuka, mdogo wangu, ananipita kimo! Nikamwambia, "Mimi ni bibi yako."

"Nakukumbuka," akasema. "Ulivaa koti la kijivu." Akaniwekea ndara za wageni.

Nyuma yake akachungulia binti wa miaka minne, damu yangu mwenyewe, ambaye sikuwahi kumbeba. "Dada, nani huyu?"

"Mgeni wa baba."

Eun-jo alinikaribisha, akanipakulia wali na supu, akaniita Mama. Gyu-sik aliporudi kutoka kazini alinisalimia kama mtu anavyomsalimia mwalimu wake wa zamani. Nikawaomba radhi mbele ya watoto. Kwenye tamthilia hapo wangekumbatiana na muziki ungepigwa. Sisi tuliendelea kula. Da-hye akasema ana mtihani, akainuka.

Kituoni Eun-jo aliniambia, "Mama, njoo wakati wowote. Ila Da-hye sitamlazimisha." Nikamwambia asithubutu kumlazimisha.

Nimekwenda mara mbili tena. Mdogo sasa ananirukia mgongoni. Da-hye huniamkia vizuri, kisha hufunga mlango wa chumba chake.

Sun-rye, wewe uliona mbali, nami nikakusema kwa watu kwamba kukaa ugenini kumekusahaulisha mila. Nisamehe.

Wasalimie shemeji Chang-il, na binti yenu Mi-ra na mumewe. Mwambie Mi-ra akizaa asinifiche. Mbingu ziwape afya, na baridi isiwaguse mifupa.

Nina miaka sitini na nane. Jumapili ijayo nakwenda tena Jeonju. Da-hye asipotoka chumbani, nitakaa sebuleni nimsikilize akisoma kwa sauti nyuma ya mlango. Hata hilo silistahili.

Wako akupendaye, ingawa amechelewa kukuambia,
Dada yako,
Gyeong-nam