Barua ya Kabla ya Pasaka

Kamwokya, 4 Februari 2024

Yaya Darlène,

Nakusalimu sana dada yangu, wewe na watoto na majirani wote wa Butembo. Goti lako linaendeleaje? Sisi huku Kampala tupo. Shemeji yako Josias anashona viatu pale pale, na mimi bado nauza vitenge kwenye maduka ya Kikuubo, nimebanwa katikati ya marobota mpaka jioni.

Sasa kaa chini kwanza. Huu ni mwezi wa nne sijaona siku zangu. Miaka ishirini na mbili ya ndoa, Yaya, mimi mwenyewe nina arobaini na nane, na ile iliyokuwa ikija kila mwezi kunicheka imeacha kuja. Matiti yananiuma. Harufu ya samaki wa kukaanga sitaki hata kuisikia. Halafu kuna joto linaloanzia kifuani na kupanda mpaka kwenye nywele, mchana kweupe, nikiwa nampimia mteja kitambaa. Wananiuliza kama nimetoka kukimbia.

Mama mchungaji amenishika tumbo akasema ni mtoto. Hospitali amenikataza, anasema anayekwenda kupima ana shaka na Mungu. Siku ya Pasaka nitasimama kutoa ushuhuda mbele ya kanisa zima. Jina tumeshampa: Exaucée, kwa kuwa maombi yamejibiwa.

Wewe umezaa watano. Niambie, na wewe ulipata joto hili? Simu usipige, pale dukani kila mtu anasikia. Mpe Barnabé barua, lori lake linapita kwenu kila baada ya wiki mbili.

Mdogo wako,
Séraphine


Butembo, 25 Februari 2024

Mdogo wangu Séraphine,

Salamu zako nimezipokea kwa mikono miwili. Goti linauma asubuhi, likifika mchana linanisahau. Msalimie shemeji.

Habari yako nimeisoma mara tatu. Tunashukuru pamoja nanyi. Nakutumia kitenge changu cha kubebea, kile cha rangi ya machungwa. Kimebeba watoto wangu wote watano, kimechakaa kidogo pembeni tu.

Kuhusu joto unaloniuliza, kila tumbo lina mambo yake. Usinyanyue marobota. Kunywa maji mengi. Mengine tutaongea tukionana.

Yaya Darlène


Kamwokya, 14 Aprili 2024

Yaya wangu,

Hamjambo huko? Kitenge kimefika, nimekinusa mpaka Josias akanicheka.

Pasaka nilisimama. Nilisema yote, miaka yote, hata jinsi walivyokuwa wananiita mama bure. Akina mama walilia, wakacheza, wakanizungushia kanga kiunoni. Wameleta nguo ndogo za mtoto, soksi, beseni la kuogeshea. Wananiita Mama Exaucée, na mimi naitika kabla hawajamaliza. Josias hataki nibebe hata jerikeni ya maji. Anapanda nayo mwenyewe kutoka bombani, anapumua kama injini, na yeye ana miaka hamsini na tano.

Ila tumbo halijatoka, Yaya. Mama mchungaji anasema wengine hubeba mimba mgongoni. Joto limezidi, sasa najipepea kwa kipande cha boksi siku nzima. Na moyo unakwenda mbio bila sababu, na nikiguswa kidogo nalia. Hukunijibu vizuri safari ile. Wewe ndiye mama niliyebaki naye, sema kitu.

Mdogo wako,
Séraphine


Butembo, 30 Juni 2024

Séraphine,

Habari za siku nyingi? Sisi tuko salama, goti ni lile lile.

Barnabé amerudi mara ya tatu bila barua yako. Anasema dukani anakaa msichana mwingine, na jirani zako wanasema upo ila hufungui mlango. Nimekukosea kutojibu ile ya Aprili. Andika hata mstari mmoja, nijue unakula.

Yaya Darlène


Kamwokya, 4 Agosti 2024

Yaya Darlène,

Natumaini mko wazima. Mimi nakula.

Mwezi wa tano nilikwenda kwenye kliniki hapa chini bila kumwambia mtu. Kuna muuguzi anaitwa Acen, mama wa makamo kama mimi. Alinipima, akarudia kunipima, halafu akafunga mlango akasema, "Mama, hii mimba hapana. Siku yako imeisha tu. Hata mimi yangu iliisha, ona, mi natembea na kitambaa ya jasho." Akanionyesha kitambaa chake. Nikamwambia anadanganya.

Kanisani nilimweleza mama mchungaji. Jumapili iliyofuata alihubiri kwamba kuna watu hufunga matumbo yao wenyewe kwa shaka. Hakutaja jina, hakukuwa na haja. Benchi langu nakaa peke yangu sasa, nafasi ya watu wanne. Wale wale walionizungushia kanga wanapita dukani wakitazama upande wa pili.

Josias hakunigombeza. Aliuliza jambo moja tu, "Nguo ndogo tuzipeleke wapi?" Mpaka leo ziko kwenye beseni lile lile. Anaondoka alfajiri, anarudi, anakula, analala. Jerikeni nabeba mwenyewe.

Yaya, sikujua kama mwili unaweza kumfanyia mtu hivi. Nywele za mbele zimepungua, ngozi ya mikono imekuwa ya mtu mwingine. Najitazama na hakuna wa kumwuliza. Acen aliniuliza, "Dada yako hakukuambia?" Sasa nakuuliza mimi. Wewe ulijua?

Séraphine


Butembo, 25 Agosti 2024

Mdogo wangu,

Nakusalimu kwa aibu.

Nilijua. Nilijua kwenye barua yako ya kwanza kabisa, pale uliposema joto linaanzia kifuani.

Nilikuandikia ukweli wote, kurasa mbili. Asubuhi yake nikaisoma tena barua yako nikaona jina la mtoto. Nikakukumbuka kwenye ubatizo wa watoto wangu, unavyowashika halafu unawarudisha haraka haraka. Nikasema acha afurahi hata miezi michache, labda mimi ndiye nimekosea. Nikaandika nyingine na hiyo ndiyo niliyompa Barnabé. Kitenge nilikitoa ili nisione haya. Hata mama hakuwahi kutuambia, na mimi nimefanya kama yeye.

Binti yangu Kahindo atajifungua Novemba. Akipata msichana tutamwita Exaucée, ili jina lisipotee. Njoo umbebe. Nisamehe, Séraphine.

Yaya Darlène


Kamwokya, 1 Desemba 2024

Yaya,

Habari za nyumbani. Kahindo amejifungua salama? Mbebe kwa niaba yangu.

Barua yako ilikaa chini ya robota tangu Septemba. Kila nikiishika hasira inapanda, nairudisha. Barnabé alikuwa anakuja na mimi najificha nyuma ya vitenge, mtu mzima.

Mwite mtoto jina lolote zuri, ila lile usimpe. Lile niachie. Hakuwapo, najua, lakini miezi saba niliongea naye.

Nguo ndogo nimempelekea Acen, kliniki haikosi mwenye shida. Josias alizibeba mwenyewe, akasimama nje ya geti mpaka nilipotoka, tukarudi pamoja. Kitenge chako nimebaki nacho. Najifutia jasho, hakina kazi nyingine.

Sijakusamehe sawasawa. Nakuomba kitu kimoja. Ile barua uliyoificha, kama hujaichoma, mpe Barnabé. Nataka kuisoma.

Séraphine


Butembo, 15 Desemba 2024

Mdogo wangu,

Hii hapa. Ilikuwa ndani ya Biblia. Sikugusa neno hata moja.

Yaya


Butembo, 24 Februari 2024

Mdogo wangu Séraphine,

Nakusalimu sana. Goti linauma asubuhi, lakini leo sitaki kuongea habari za goti.

Usisimame kanisani Pasaka. Kwanza nisikilize. Joto unalolisema nalijua. Sikulipata kwa mtoto yeyote. Nililipata nilipofika miaka arobaini na sita, siku zangu zilipoanza kuruka na baadaye kukatika. Shemeji yako alinipa dawa ya malaria mara tatu. Nilidhani nimelogwa. Mchana nilikuwa nalala juu ya saruji ya jikoni kwa sababu ni baridi, watoto wakirudi shule nainuka najifanya napepeta mchele. Nililia kwa chumvi iliyozidi, nililia kwa kuku. Ilichukua miaka minne na sikumwambia mtu hata mmoja, hata wewe, kwa sababu nilidhani nimeharibika mimi peke yangu.

Hujaharibika. Huendi kufa. Lakini nadhani sio mtoto, na ni mimi wa kukuambia, sio watu.

Nenda ukapime, hata kwa siri. Vua sweta, kaa mlangoni kwenye upepo, ukitaka kulia lia, halafu niandikie kila kitu na mimi nitakuandikia kila kitu. Tuzeeke tukiambiana.

Barnabé anaondoka kesho asubuhi. Nitampa barua hii mkononi mwenyewe, nimsimamie mpaka aiweke mfukoni.

Yaya wako,
Darlène