Mjukuu Aliyemkatalia Babu

Matimira,
28 Aprili 2025

Kwa binti yangu Fausta,

Salamu nyingi kutoka huku. Mimi ni mzima isipokuwa goti, na goti nalo nimelizoea. Mahindi yameanza kukauka. Je, wewe na mtoto mlifika salama? Naandika kwa sababu kwenye simu masikio yangu hunasa neno moja moja, na hili nataka ulisikie lote.

Siku ya Pasaka nilikuwa nimekaa na wazee wenzangu wa jumuiya, mwanao akaja kusalimia. Nikamwambia kama ninavyomwambia tangu azaliwe, "Mke wangu, mbona leo hujaniletea maji?" Akatuamkia wote, akasimama wima, akasema, "Babu, sipendi kuitwa mke. Naomba uache." Wazee wakaangua kicheko. Mzee Erasmus mpaka leo akiniona ananiuliza talaka imeandikwa na nani.

Nikamuuliza kafundishwa na nani. Akajibu kwamba ni mama, shuleni. Sasa Fausta, nilikusomesha ualimu ili ufundishe hesabu na kusoma. Kumtania mjukuu ni haki ya babu, babu zangu waliwatania dada zangu hivyo hivyo. Na yule amebeba jina la marehemu mama yako, sasa nimwiteje? Nimeumia, sikufichi. Kama ndiyo masomo ya siku hizi, Krismasi msihangaike kuja.

Ni mimi baba yako,
Leo


Bombambili, Songea,
5 Mei 2025

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Tulifika salama, na karanga ulizotufungia zilikwisha jana. Pole na goti. Lipake ile dawa, wala usimgawie Mzee Erasmus.

Nisamehe kwa aibu uliyoipata. Kwa somo lenyewe siwezi kuomba msamaha, na nitakueleza kwa nini. Kila Ijumaa na darasa langu la tatu, mjukuu wako Walburga akiwemo, tunazungumza juu ya urafiki, hasira, kuonewa, na mwili wa mtu kuwa wake mwenyewe. Tunafanya mazoezi ya kusema "sipendi, naomba uache," kwa adabu, bila kuogopa ukubwa wa mtu.

Mwezi wa pili, baada ya kipindi, msichana mmoja alibaki akijifanya anafuta ubao. Kuna fundi baiskeli njiani kwao aliyekuwa akimwita mchumba, akimpa maandazi na kumkataza asiseme nyumbani. Nikamuuliza kwa nini hakusema mapema. Akaniambia, "Mwalimu, hata babu ananiita mchumba. Nilidhani ni utani."

Baba, siku ileile nilimpeleka kwa mwalimu mkuu. Suala lilifikishwa kunakohusika na mtoto yuko salama. Lakini mtoto wa miaka tisa atamtofautishaje babu na yule fundi? Wewe hujakosa. Neno lako ni la mapenzi, ila limevaa nguo zilezile anazovaa mwizi.

Walburga kila siku ananiuliza kama umemkasirikia. Mwandikie hata mstari mmoja.

Binti yako,
Fausta


Bombambili, Songea,
4 Agosti 2025

Baba,

Shikamoo, na goti linaendeleaje baada ya safari? Miezi mitatu hukujibu, nikajua Krismasi tutakula peke yetu. Kumbe ulikuwa na lako moyoni.

Ule mkutano wa Jumamosi ulikuwa wa kukifuta kipindi changu. Wazazi walisema tunawafundisha watoto kiburi, na mwalimu mkuu alishanionya kwamba wakikataa, basi. Sijui nani alikuambia, namshuku dada yangu Kunegunda. Nilipoliona koti lako la misa kwenye dawati la nyuma, magoti yamekaribia kidevu, nilidhani umekuja kuwaunga mkono.

Ukasimama, ukasema, "Mjukuu wangu alinikatalia mbele ya wazee wenzangu, nikanuna miezi mitatu. Halafu nikajiuliza, kama ameweza kunikatalia mimi anayenipenda, ni nani mwingine atakayemweza? Kipindi kiendelee." Yule mama aliyekuwa akipinga kuliko wote ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza kukubali.

Nimefundisha miaka kumi na miwili na sijawahi kutoa somo kama lile. Najivunia kuwa mwanao.

Lakini hukungoja hata chai. Walburga alikuona ukipanda bodaboda, akakimbia mpaka getini. Jioni akaniuliza, "Mbona hakuniita?" Hapo nikakumbuka kwamba tangu tumzike Mama, miaka tisa sasa, sijakusikia ukilitamka jina lake. Wewe ndiwe uliyetaka mtoto alirithi, na siku ileile ya ubatizo ukaanza kumwita mke wangu. Kama ni hilo, Baba, usijilazimishe. Yeye atangoja.

Binti yako,
Fausta


Matimira,
17 Agosti 2025

Walburga,

Nimeandika jina lako kabla ya salamu, maana ningeanza na salamu ningepata pa kukimbilia. Hujambo? Mama hajambo? Mimi sijambo, na goti limepungua kuuma.

Sikukukasirikia. Nilikuona ukija mbio getini, nikataka kukuita, mdomo ukagoma. Jina hilo lilikuwa la bibi yako. Tuliishi pamoja miaka arobaini na moja, na alipoondoka niliogopa kwamba nikilitamka nitalia mbele za watu. Ndiyo maana nikakuita vile. Kumbe nilikutwisha mzigo wangu, na wewe ukautua kwa adabu. Bibi yako naye alikuwa hivyo, jambo lisipompendeza alisema.

Wiki hii nimekuwa nikifanya mazoezi, kama mnavyofanya nyinyi Ijumaa. Napukuchua mahindi huku natamka kwa sauti, Walburga, Walburga. Siku ya kwanza nililia. Siku ya tatu Mzee Erasmus akanikuta, akadhani nimechanganyikiwa, nikamweleza, akakaa akanisaidia kupukuchua.

Krismasi njooni. Nitawangoja kituoni, na ukishuka tu nitakuita jina lako. Sauti ikiwa ndogo, niambie nirudie.

Babu yako,
Leo