Kifaru cha Filipo, na Ubishi Wetu wa Nta

Mwaka umezunguka, Baba Yeremia, tangu tukulaze nyuma ya kanisa hapa Itigi. Mvua zimekuja zikaenda, mtama umevunwa, na kiti chako bado kipo pale ukutani ulipokiegemeza mwenyewe. Hakuna aliyekikalia. Watoto wamenikabidhi kalamu nikuandikie kwa niaba ya wote, nami nitasema kama nilivyozoea kusema nawe, maana hata gazetini mimi ni mkeo.

Wasiokufahamu wajue kwamba tunamkumbuka Filipo Mazengo, seremala wa reli, askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, aliyekwenda vitani Burma akarudi. Ulikuwa mtu wa maneno machache na salamu nyingi. Hukuweza kupita mlango wa mtu bila kupiga hodi, hata kama hukuwa na la kusema. Uji uliupenda wa ulezi, mzito. Msumari uliopinda hukuutupa. Uliunyoosha juu ya jiwe huku unapiga mluzi, na ukigundua kwamba mimi nimeutupa, ulininunia mpaka jioni.

Habari za vita hukutusimulia. Tulijua tu kwamba mlikwenda wawili, wewe na Chrispin, mtoto wa jirani yetu mjane, Mama Febronia, na kwamba ulirudi peke yako. Miaka ikapita. Siku moja mama huyo alikuja ukiwa unaranda mbao. Ukamwamkia shikamoo, akaitikia, akakaa, kisha akauliza lile alilokuwa nalo moyoni muda wote.

"Mwanangu Filipo, niliambiwa Chrispin alifia ubavuni mwa kifaru cha vita. Mimi kitu hicho sikijui. Kikoje?"

Uliweka randa chini. Ukachukua kijiti ukachora mavumbini, ukafuta kwa mguu. Mwisho ukamwambia, "Nitakutengenezea, mama. Utakiona."

Sisi tulidhani utachonga kitu cha kuweka mezani. Kumbe! Uani kukaota kifaru kirefu kuliko kitanda chetu, mtu mzima anaingia akazama mpaka kifuani. Mbao zilikuwa za mninga. Mikanda ya magurudumu uliikata kwenye mipira kuukuu ya lori, kipande kimoja kimoja, ukaviunga kwa waya. Watu walikuja kukutazama na kukucheka, nawe ukawaletea viti wakucheke wamekaa. Ulipokipaka rangi kikapendeza, na mimi moyo ukatulia kwamba sasa uani kwetu patatazamika. Kesho yake nikakukuta unakipaka tope.

"Filipo, umerukwa na akili?"

"Klara, kule hakikuwa safi hata siku moja," ukanijibu, ukaendelea kupaka.

Halafu likaja suala la ribiti, vile vichwa vya chuma vilivyojipanga ubavuni mwa kifaru. Ulizichonga za mti zikabanduka. Ndipo ukachukua nta. Mtoto wa warina asali wewe, uliyelelewa unaona baba yako akipaka nta kwenye mizinga ili nyuki wavutike, ukaenda ukadondoshea nta kifaru kizima, ndani na nje!

"Baba Yeremia, unawaita nyuki."

"Hii nimeichemsha na masizi. Haina harufu tena. Nyuki gani ataitaka?"

"Haya. Utaona."

"Tutaona wote."

Ubishi huo tuliula na kuunywa. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini ulikinusa kifaru makusudi mbele yangu, ukasema, "Hamna kitu," ukaondoka unacheka. Mimi nikabaki jikoni nacheka peke yangu. Kicheko kile ndicho ninachokitafuta siku hizi nisikione.

Mama Febronia alipokuja kukiona alikizunguka taratibu, kisha akakuuliza, "Alikuwa upande gani?" Ukamshika mkono, ukauweka ubavu wa kushoto, karibu na nyuma, mahali ulipokuwa umepapiga shoka kidogo mpaka ubao ukabonyea. Akakaa hapo, mkono juu ya ubao. Nawe ulilia, Filipo. Sikuwahi kukuona ukilia kabla ya siku hiyo. Tangu hapo kila Jumapili baada ya misa alipitia kwetu kuweka mkono pale, maana mwanawe hana kaburi tunaloweza kulifikia.

Nilikuuliza utamaliza lini. "Bado ndani," ukasema. Ulitaka kumwekea dereva kiti chake na mahali pa kushika. Ukakata mbao za kiti, ukazipanga chini ya kitanda. Homa ikakuwahi.

Siku zilizofuata nisizieleze sana. Nilikuwa napika uji wa watu wawili, nashtuka umekwisha kuiva. Mlango ukigongwa nilijua si wewe, na bado nilikimbia. Mwanetu Yeremia aliniita nihamie kwake Manyoni, na mdogo wako Marko akasema mninga ule usiozee uani, atakibomoa kifaru apate milango. Nikakubali yote mawili. Upweke ulikuwa umenizidi nguvu. Mama Febronia aliposikia hakugombana na mtu. Aliniuliza tu, "Basi mimi mkono wangu nitauweka wapi?" Tangu hapo sikulala vizuri tena.

Marko alikuja na shoka wakati miti ya porini imechanua. Akapanda juu kwa mbwembwe, akafungua kile kifuniko cha juu. Tulichosikia baada ya hapo ni yowe, na tulichoona ni Marko anaelekea relini shati limefunika kichwa. Nyuki, Filipo! Walikuwa wamejaa tele, masega yamening'inia mpaka pale ulipotaka kuweka kiti cha dereva. Jicho la Marko lilivimba likapotea. Ameniomba nisiandike habari hii.

Yeremia aliniuliza, "Mama, niwafukuze kwa moshi?" Nikamwambia awaache. Nikamwambia pia kwamba Manyoni siendi. Alinuna, anavyonuna ni wewe mtupu.

Basi kifaru kipo. Nyuki wanapita mbele, kwenye tundu la dereva, na Mama Febronia anakuja polepole kwa nyuma. Jumapili ya kwanza aliweka mkono pale palipobonyea, akauacha, kisha akageuka akaniita. "Klara, njoo ushike. Panatetema kama pana mtu." Nikaweka mkono wangu kando ya wake. Ni kweli, mbao zilikuwa zinatetema. Tukasimama hivyo, wajane wawili wazima, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuondoa mkono.

Lakini yeye akienda kwake, nabaki na uani. Ni kimya, isipokuwa huo uvumi wa nyuki wako.

Unakumbukwa na mimi mkeo Klara; wanao, Yeremia wa Manyoni na Elina aliyeolewa Kinampanda; mdogo wako Marko, mwenye jicho lililopona; Mama Febronia, aliyekuita mwanangu; wenzako wa karakana ya reli, na majirani wote uliowapigia hodi bila sababu. Hutatoka mioyoni mwetu muda wote tutakaokuwa hai.

Na kuhusu ile nta, mume wangu, nilikwambia. Nimeshinda, na nyumba nzima sina wa kumringia. Laiti ungerudi ubishe.

Itigi, Juni 1953