Sauti ya Kufika Jikoni

Remba, Jumatano, 8 Machi 1995. Wiki tatu tangu nitoke nyumbani Migori.

Vipande vingine vya preamp ninayounda, ya kukuza sauti kabla ya amplifaya, vimekubali. Kilikuwa kimebaki cha mwisho, cha kusukuma sauti hadi amplifaya ya jikoni kwetu nyumbani. Nilikuwa nakipima kwa waya mfupi, mjinga mimi. Leo nimeunga waya mrefu, wa kutoka sebuleni hadi jikoni, sauti ikawa kama ya mtu aliyejifunika blanketi.

"Omera, ndugu yangu, si umnunulie tu leso?" Ouma, ninayeanika naye dagaa wa omena, alinicheka.

Lakini mke wangu Akinyi hakuomba leso. Alisema amechoka kupika peke yake huku sisi wanaume tukisikiza muziki wa benga sebuleni.

Nimeongeza transista moja mwishoni. Sauti imepita, safi! Ila transista yenyewe inapata joto, naogopa itaungua...

Mwezi ukijaa omena hawavuliwi. Wiki ijayo nitafika nyumbani, na nitaingilia jikoni.