Cheni ya Kupasulia Gogo la Baba

Jumatatu, 3 Juni
Kwa akili timamu, bila kushurutishwa na mtu, naandika hapa kwamba msumeno wa injini wa marehemu baba utanunuliwa cheni mpya. Wahusika wote — yaani mimi — tumearifiwa.

Sababu: Jumamosi mama anahamia kwa dada. Anataka lile gogo la uani lipasuliwe mbao, apate benchi la kwenda nalo. Baba aliliangusha miaka tisa iliyopita, akasema likauke kwanza. Limekauka. Yeye ndiye hakusubiri.

Jumanne, 4 Juni
Cheni ya zamani imenolewa hadi meno yamebaki kama punje za mchele. Jino moja jekundu. Nilidhani kutu. Mama akacheka: ni rangi yake ya kucha. Baba alikuwa anaiiba, anapaka jino la kwanza ili ajue alipoanzia kunoa. Kila jino analisugua kwa tupa mara tatu, halafu anapuliza. Mara tatu, anapuliza. Ndiyo sauti ya Jumapili zangu zote.

Nimehesabu viungo vya cheni mara tatu, nijue urefu wa kununua, nikapata majibu matatu. Kesho naibeba yenyewe dukani.

Jumatano, 5 Juni
Muuza misumeno aliitazama cheni kama daktari anayetafuta maneno. "Kaka, hii mmeinoa au mmeila?"

Akauliza nakata mti gani. Nikataja: matawi ya msonobari, nguzo za mkaratusi, na gogo kavu lililolala mchangani miaka tisa. Akaweka mbili mezani. Ya kwanza meno yana kona kali — kwenye msonobari inapita kama kisu kwenye sabuni, ila ikilamba mchanga tu, butu. Ya pili kona zake ni za mviringo. Haina haraka, lakini mti mkavu na uchafu inavivumilia, inadumu.

Nimechukua ya pili. Msonobari utanisamehe. Baba angenicheka kwa kukaa dukani saa mbili kwa jambo la dakika moja. Yeye angekaa tatu.

Alhamisi, 6 Juni
Nimeijaribu kwenye mkaratusi. Inakata. Kunoa bado, ila jino la kwanza nimelipaka rangi. Kichupa kanipa mama mwenyewe. Bila kuiba hakuna utamu.

Ijumaa, 7 Juni
Nimelisugua gogo kutoa mchanga wote. Shemeji kaja na gari la kubebea mbao. Saa tatu niko tayari: miwani, glavu, mafuta.

Mama katoka na chai yake, akakaa juu ya gogo. Upande wa kulia. Kushoto alikuwa anakaa baba.

Nikamwambia tunaanza. "Nimalize chai kwanza, mwanangu."

Saa tano shemeji kajaribu: "Mama, jua hilo litakuunguza."

"Tumezoeana. Wewe kaa kivulini, mkwe wangu."

Saa sita nimevua glavu.

Saa nane. Kikombe kitupu tangu saa nne. Bado amekalia gogo.