Maelezo ya Mama Injinia Kuhusu Kiyoyozi cha Chumba cha Seva

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: kama lilivyo kwenye kitambulisho, mtaani anaitwa Mama Injinia
Umri: miaka 57
Kazi: fundi cherehani, sare za shule
Elimu: darasa la saba
Makazi: nyumba ya pili nyuma ya mashine ya kusaga

Aliyezima kiyoyozi cha chumba cha mashine ni mimi, si yule kijana mliyemweka ndani. Liandike hilo kwanza, afande, salamu zitafuata.

Mimi ni mama wa injinia wa kompyuta, na hilo pia liandike. Nilimsomesha kwa cherehani moja, na darasani hakuwahi kushika nafasi ya pili. Anafanya kazi kituo cha utafiti, penye seva ambayo prosesa yake ina viini sitini na nne. Ni kama karakana ya mafundi sitini na wanne wanaoshona kwa pamoja. Mwaka huu alikuwa analinganisha kompaila mbili. Kompaila, alivyonieleza, ni programu inayochukua yale waliyoandika mainjinia na kuyageuza kuwa amri ambazo mashine inazielewa. Mimi nikamwambia basi huyo ni mkataji: kitambaa ni kilekile, lakini mkataji hodari anawapa mafundi vipande vya kushona bila kungojana. Akacheka, akasema ndiyo hivyo, Mama. Kompaila moja ilikuwa mikononi mwake, ya pili mikononi mwa mwenzake, kijana mpole tunayemwita Kimya, ambaye alikuwa ameinoa miaka miwili. Zilipimwa kwa kazi zilezile, kwenye mashine ileile, ili ijulikane ipi inamaliza mapema.

Mnamo tarehe 9, siku ya Jumapili, saa sita na nusu mchana, nilifika kituoni na kikapu cha chakula. Binti yangu, ndiye huyo injinia, alikuwa na kifua wiki nzima. Vipimo vyake vilikuwa vimekwisha asubuhi, sasa ilikuwa zamu ya Kimya. Yule kijana aliniamkia kwa adabu, kisha akasema, "Mama, na mimi nimo kwenye kikapu, au ni cha mshindi peke yake?"

Nikamjibu, "Wewe ndiye wa kwanza kula, baba. Anayeshindwa anahitaji nguvu."

Tulicheka sote watatu.

Binti yangu aliingia chumba cha mashine kukagua nyaya, nami nikamfuata. Aliniambia, "Mama, usiguse kitu." Mle ndani baridi inauma kama jokofu, na alikuwa anakohoa mpaka anainama. Alipotoka kunawa mikono, nikaiona rimoti ya kiyoyozi ukutani. Nikabonyeza, kikanyamaza. Mashine yenyewe inavuma kama kinu, kwa hiyo hakuna aliyesikia tofauti. Nilikusudia kukiwasha tukimaliza kula, na nasema hivyo mbele ya Mungu. Lakini tulikula chumba cha nje, na wakati wa kuondoka mlinzi wa getini aliniuliza hali ya binti yangu. Nani ataniuliza habari za binti yangu nikaondoka upesi? Nilisimama nikamsifu mtoto kuanzia darasa la kwanza. Tulipofika nyumbani nilikuwa nimesahau kwamba duniani kuna viyoyozi.

Kimya alibaki chumba cha nje, mlango umefungwa, anatazama namba zake kwenye skrini. Saa kumi na moja jioni mashine ilizimika, kibao kimoja kimeungua. Aliingia mbio, akaona joto, akachukua rimoti akawasha kiyoyozi. Hapo ndipo mlinzi alipomkuta, rimoti mkononi. Jumatatu mkuu wa kituo cha utafiti alisema kijana aliona anashindwa, akaamua kuiua mashine. Mkaja mkamchukua. Kamera ya mlangoni ilinionyesha mimi na kikapu changu, lakini nani atamshuku mama na kikapu?

Siku hiyohiyo kompaila ya binti yangu ilitangazwa mshindi. Sikungoja hata kuoga. Nilipita nyumba kwa nyumba, nikaalika mtaa mzima kwa sherehe ya Jumamosi, nikakodi viti. Habari ya yule kijana niliisikia, nikajiambia mashine zina mambo mengi.

Jana Alhamisi jioni binti yangu hakula. Alisema, "Mama, kompaila mbaya ni mbaya tangu kipimo cha kwanza. Ya Kimya ilianza vizuri, hata ikaipita yangu. Baada ya hapo ikawa inashuka kidogokidogo. Mashine ikipata joto hujipunguza mwendo ili isiungue. Pale ndani kulikuwa na joto mapema, na yeye alikaa pale nje akidhani kazi yake ndiyo mbovu."

Akaniuliza kama nilimwona mtu yeyote ameshika rimoti. Nikamjibu kwamba sikumwona mtu. Na kweli, mtu hajioni.

Sikulala. Alfajiri nilimwamsha nikamwambia. Nikaona nimemnyang'anya ushindi wake kwa mkono uleule niliomlelea. Kisha akasema, "Vaa gauni la bluu, Mama. Nakusindikiza." Ndiye yule pale kwenye benchi. Mtazame anavyokaa, utajua ni mtu wa shule.

Sikutumwa na mtu wala sikuahidiwa kitu. Kikulacho ki nguoni mwako, na safari hii nguo niliishona mwenyewe. Niliyoyaona na kuyatenda nimeyasema yote, na nayatia sahihi.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

Kumbukumbu ya ofisa: Nimeyaandika maelezo haya leo Ijumaa tarehe 14 na kumsomea shahidi, akakubali ni sahihi. Jalada linapelekwa kwa mkuu wa kituo cha polisi kuhusu kijana aliye mahabusu. Baada ya kutia sahihi, shahidi aliomba iongezwe kwamba viti havirudishwi. Aliowaalika waje wote kama alivyowaambia, awaeleze aliyoyaeleza hapa, na kijana naye awepo, maana chakula cha kwanza ni chake. Ni kesho, Jumamosi, saa nane mchana.