Baba na Vifaranga vya Perege

4 Machi

Kwako Baba,

Shikamoo. U mzima? Sisi huku wazima, ila mimi umenichosha.

Jana nilikaa mapokezi na orodha ya wagonjwa wa macho niliyoichapa mwenyewe, jina lako la tatu. Daktari akaita mara ya kwanza, akaita mara ya pili, kisha akanigeukia: "Mzee wako yuko wapi?" Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nafasi ile ya upasuaji niliihangaikia miezi saba, Baba! Na uliambiwa wazi: mtoto wa jicho akizidi kukomaa, jicho la kushoto linaweza kwenda jumla. Simu yako nayo haipatikani. Kulikoni?

Mwanao

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo, magoti tu yanalalamika. Simu iliniponyoka ikazama bwawani, kwa hiyo usinune. Barua yako amenisomea fundi viatu kibandani kwake, wateja wawili wakisikiliza. Siku nyingine punguza ukali.

Siku ile ndipo kazi ya vifaranga ilipoanza. Bwawa hili tumelimaliza sisi wenyewe wa ndoana. Kila Jumamosi tunavua kujifurahisha, wakubwa kwa wadogo tunabeba, hadi mwaka jana mtu akawa anakesha na chambo kisichoguswa. Sasa tumejitolea kulirudishia. Wenzangu wanakinga vifaranga kwenye kijito cha juu, wananiletea kwa ndoo. Mimi nachambua: perege naingiza kwenye kizimba cha wavu wakue, wengine narudisha. Tayari wako mia mbili. Mtu mwenye dhamana hiyo anaondokaje? Na ninaona vizuri tu.

Baba yako

20 Machi

Baba,

Shikamoo. Poleni wewe na magoti.

Unasomewa barua na fundi viatu, halafu unaniambia unaona vizuri! Samaki wa ukubwa wa kidole unawachambua kwa macho gani? Nimempigia daktari magoti, ametoa tarehe 16 Aprili. Fundi, hapa msomee mara mbili, na wateja wasikie: Baba, naogopa. Unaishi peke yako, na bwawa lile lina kina. Sitaki nipigiwe simu kwamba ulikosea ukingo.

Mwanao

2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Hujajibu. Au fundi viatu amehama?

Mwanao

9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Hali yangu usiulize.

Jana tulifungua kizimba. Katika mia mbili tumekuta kumi na mmoja, wanono, sharubu zimewatoka. Kambare! Niliwaingiza kwa mikono yangu nikidhani ni perege, wakawala wenzao wote, na mimi kila asubuhi nawamwagia pumba nikijisifu jinsi wanavyokula.

Na nilikuwa nimeshaona idadi inapungua. Nikamtuhumu mwashi, rafiki yangu wa miaka yote, kwamba anawaiba. Nikaapa mbele ya kikundi kizima. Jana alimshika kambare mmoja, akaniwekea kiganjani nipapase sharubu. Bora angenitukana.

Nakuja hiyo tarehe 16. Usinifokee, nimeshajifokea vya kutosha.

Baba yako

2 Mei

Mwanangu,

Nimefika salama. Jicho haliumi, matone naweka kama ulivyoagiza, na barua hii naandika bila kumsumbua mtu.

Mwashi nimemwomba radhi mbele ya kikundi kile kile. Anaitikia salamu, basi. Sina wa kumlaumu. Awamu ya pili ya vifaranga inaanza tarehe 14, siku ile ile ya kupasuliwa jicho langu la kulia. Wenzangu wanataka niahirishe, eti nimeshapona. Nimewaambia wachambue wenyewe.

Sasa nina kesi na wewe. Nilipofunguliwa bandeji nikanyamaza, ukaanza kuhangaika, "Baba, unaumwa? Nimwite daktari?" Sikuwa naumwa. Nilikuwa nakutazama. Una mvi, mwanangu, utosini hadi kwenye paji. Na chini ya macho umevimba kama mtu asiyelala. Desemba ulikuja ukakaa mbele yangu siku nne nzima, nami nikawa natazama ukungu nakuambia umependeza. Mbona ulinyamaza? Umeanza lini kuzeeka bila kuniambia? Nani amekuchosha hivi?

Hilo la mwisho usilijibu.

Baba yako